Anayesahihisha Picha Zangu

Mimi sina subira, nakwambia mapema, na ukinikatiza katikati ya maneno nitakutolea uvivu. Lakini kazi yangu imenifunza jambo ambalo hata wenye subira hawalijui: mtu wa Bagamoyo ukimwuliza, hakwambii. Atakuuliza wewe mtoto wa nani, atakukaribisha chai, atakuombea dua, na utaondoka mikono mitupu. Ukitaka aseme, kosea mbele yake. Sema harusi ya fulani ilikuwa Alhamisi. Ataruka: "Alhamisi? Nani kakwambia? Ilikuwa Jumapili, mvua ikanyesha, na bwana harusi alikuja na kanzu ya kuazima!" Hivyo ndivyo ninavyokusanya hadithi zangu.

Ninachora katuni. Nilianza na vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye kuta za saluni, nikaja kwenye kadi za harusi, kisha nikawa nachora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo, mpaka kaka yangu mkubwa, Abdullatif, aliponinunulia kishikwambi na kalamu yake. Sasa nina ukurasa wangu mtandaoni. Kila wiki natoa kurasa mpya za hadithi, na wasomaji ninao Tanga, Mombasa, mpaka Maskati. Ile simu ya zamani nilimwachia Mama asikilizie mawaidha.

Mama hajawahi kuipenda kazi hii. Mama yangu, Bi Mwanabaraka, ni mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima wamesoma Kurani barazani kwake, na kosa la irabu moja haliachi lipite hata kama yuko jikoni anakuna nazi. "Siku ya kiyama," aliniambia, "hao unaowachora utaambiwa uwapulizie roho. Utaiweza kazi hiyo?" Nikamjibu nitaanza na wale wazuri wazuri. Hakucheka.

Sasa nikwambie habari ya Mbaruku. Huyu ni kaka yangu wa pili, aliyenifuatisha mimi mgongoni kwa Mama, yaani yeye alitoka nami nikaingia. Huu ni mwaka wa pili tangu apotee. Ijumaa moja asubuhi alikwenda kwenye shamba letu la Makurunge, shamba alilotuachia Baba, na hakurudi. Pikipiki yake ilikutwa Chalinze, imeegeshwa yanapolala malori, ufunguo umo. Basi watu wakaimaliza kesi papo hapo: kadandia lori, kaenda Afrika Kusini kutafuta maisha, vijana ndivyo walivyo. Polisi wakaandika, wakasema tusubiri. Mbaruku huyo! Mtu ambaye akilala Dar siku moja anarudi analalamika kuwa maji ya kule hayafai hata kwa chai. Mimi sikuamini, na kila nikisema siamini watu walinitazama kwa huruma, huruma ile inayonipandisha hasira.

Mwaka ulipokatika, mjomba wetu Msabaha alikuja kumshauri Mama asome hitima, mtoto arehemiwe. Mama alimtoa barazani kwa maneno makali. "Hitima ni ya aliyekufa. Nani kakwambia kafa? Umemzika wewe?" Mjomba akaondoka anasoma istighfari njia nzima. Mimi nilifurahi. Niliona Mama peke yake ndiye mwenzangu katika kungoja, na nilimpenda kwa hilo kuliko siku zote. Aliacha shughuli zote isipokuwa chuo chake na safari yake ya Ijumaa: kila Ijumaa baada ya sala, Abdullatif alimpitia na pikapu wakaenda Makurunge kutazama shamba. Alikuwa akichuma mrehani uani, anajaza kikapu, na jioni anarudi na kikapu kitupu. Nilidhani anawagawia wanawake wa kule.

Nilitaka kitu kimoja tu: kujua Mbaruku yuko wapi. Kama yu hai, nimtukane mpaka koo likauke. Kama amekufa, nimlilie juu ya udongo wake na nilijue kaburi lake. Kuuliza nilikuwa nimeuliza mpaka watu wananikimbia. Basi nikaamua kukosea.

Hadithi niliiita "Sudi Hajarudi". Sudi ni Mbaruku, kila mtu alijua, jina tu nililibadili. Katika kurasa za kwanza nilimchora anatoka nyumbani, kofia kichwani, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Nilijua fika Mbaruku haendi shambani na viatu. Wasomaji wakasifu, wakaweka mioyo, wengine wakaanza kunitongoza kama kawaida yao. Kisha ikaja meseji moja ya faragha, kutoka kwa mtu asiye na picha, anayejiita Mja wa Mola.

"Kofia aliikunja akaitia mfukoni. Viatu siyo. Zilikuwa ndala, na ya kushoto ilikatika ukanda, akaufunga kwa waya."

Niliinuka nilipokuwa nimeketi. Ule waya niliujua. Ni mimi niliyemcheka kwa ajili yake siku moja kabla hajapotea, nikamwambia anatembea na umeme mguuni. Jambo hilo sikumwambia polisi wala jirani, kwa sababu nani anaeleza habari za ndala?

Nikamwandikia: wewe nani? Ulimwona wapi? Kimya. Nikambembeleza, kimya. Nikamtisha kwamba nitampeleka polisi, nikamwapiza kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Anasoma, naona anasoma, wala hajibu. Nikasema vizuri, bwana wewe, huulizwi tena.

Kurasa zilizofuata nilimweka Sudi barabarani. Wezi wawili wanamvamia, wanampiga rungu la uso, damu imemfunika macho. Nilichora kwa ghadhabu mpaka kalamu ikawa inateleza kwa jasho la mkono. Kabla sijanywa maji, jibu likaingia.

"Hapakuwa na wezi. Alikuwa ameinama anang'oa muhogo. Jeraha ni la kisogoni. Uso wake ulikuwa mzima, mzuri, kama amelala."

Mtu hauoni uso wa mwenzake hivyo mpaka amsimamie karibu, amtazame kwa nafasi. Kaka yangu amekufa, nikajiambia, kapigwa kwa nyuma ameinama kwenye muhogo wake, na kuna mtu anayaangalia machozi yangu kupitia simu. Nikaogopa. Mimi, ambaye mtaa mzima unaniita ulimi wa upanga, nilikwenda kuteremsha komeo la mlango.

Ningekwenda kwa nani? Nilimwita kaka. Abdullatif ana duka la vifaa vya ujenzi, ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyekaa mahali pa Baba. Alikuja mara moja, akala na sisi, nikampa kishikwambi asome zile meseji. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa meseji zenyewe. Nje barazani watoto wa chuo walikuwa wanasoma, na nikasikia mmoja anakosea aya, anairudia kwa kosa lilelile, na Mama hamsahihishi. Nililisikia hilo na sikulitia maanani.

"Wahuni hao," alisema Abdullatif hatimaye, akanawa mikono taratibu. "Wanakuchezea akili, mdogo wangu. Mfungie huyu, asikuandikie tena."

"Nimfungie, kaka? Anajua habari ya ndala!"

"Ndala kila mtu anavaa." Akatabasamu. "Jasmin, nisikilize. Watu wameanza kusema, na Mama hali yake unaiona. Maliza hadithi. Mpeleke Sudi Afrika Kusini, aoe huko, azae mapacha. Watu wanapenda mwisho mwema."

"Siwezi kuchora uongo."

"Sudi si mtu wa kweli. Au ni mtu wa kweli?" Alinitazama bado anatabasamu, na kijiko kilichokuwa mkononi mwangu nikakiweka chini.

Tangu hapo akawa haishi kuja nyumbani. Anakuja na mikate, anakuja na samaki, anakuja bila kitu. Anavuta kiti nyuma yangu nikichora, anaitazama kalamu inakokwenda. Nikitoka kwenda dukani, yuko mlangoni na funguo za pikapu: "Nitakupeleka, njia si nzuri siku hizi." Nikamshukuru Mungu kwa kunipa kaka anayenijali. Ndiyo, cheka tu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la pili.

Ila sikumfungia Mja wa Mola. Ijumaa asubuhi, Abdullatif yuko dukani kwake, nilikaa nikachora picha ambayo sitaki kuiona tena. Nilimchora Sudi ndani ya shimo, katupwa kifudifudi, nguo zimejaa tope, mguu mmoja umebaki nje, na mbwa ananusa. Nililia nikiichora. Ni kaka yangu niliyembebea vitabu vyake vya shule, na sasa ninampaka tope kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaituma kwa wote.

Jibu halikuchelewa.

"Hakutupwa! Muogope Mungu! Alioshwa, akavishwa sanda iliyooshwa kwa zamzam, akalazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Akasomewa. Ifute picha hiyo sasa hivi."

Niliisoma nikarudia. Ni muuaji gani huyu anayeona vibaya kuambiwa alizika ovyo? Mwizi wa barabarani habebi sanda. Na sanda ya zamzam haiuzwi dukani. Hiyo huletwa na mtu aliyekwenda Makka, akaiosha huko kwa maji yale, akarudi nayo, akaifungia sandukuni kungoja siku yake. Baba alipokwenda hija alirudi na mbili, yake na ya Mama. Yake alizikwa nayo. Ya Mama imo sandukuni mwa Mama, chini ya kanga za harusi, na sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa.

Abdullatif, nikasema moyoni. Nani mwingine anajua kuwa ile sanda ipo? Kaiiba. Nilikwenda chumbani kwa Mama. Mama alikuwa uani, nilimsikia akichuma mrehani. Nikafungua sanduku, nikaondoa kanga moja moja.

Sanda ilikuwemo. Nikashusha pumzi. Kisha nikaigusa. Ilikuwa ngumu, ina wanga wa dukani, mikunjo yake haijawahi kukunjuliwa. Ule mfuko wenye maandishi ya Makka haukuwepo, wala harufu ya kafuri. Mwizi angeliacha pengo. Hii ilikuwa imenunuliwa na mtu aliyejua kwamba ile ya kwanza haitarudi. Na chini yake kulikuwa na simu yangu ya zamani, ya kusikilizia mawaidha. Niliibonyeza ikawaka. Ilikuwa imefunguliwa kwenye picha yangu, ile ya tope na mbwa.

"Umeifuta?"

Mama alikuwa mlangoni na kikapu chake cha mrehani. Hakuuliza ninafanya nini sandukuni mwake. Aliuliza hivyo tu, kama anavyomwuliza mtoto wa chuo kama amefuta ubao.

"Mama," nikasema. "Mja wa Mola ni wewe?"

Aliketi kitandani, kikapu mapajani. "Nilijizuia, Jasmin. Wallahi nilijizuia. Lakini ukamvalisha kofia ambayo hakuivaa. Ukampasua uso. Leo umemtupa kama mzoga, na mbwa juu yake! Nimewafundisha watoto wa watu tangu ujana wangu, sijaacha kosa la mtoto wa jirani lipite. Ningeacha la mwanangu?"

"Nani kamuua?"

"Unamjua."

Nilitaka aseme yeye. Ile hasira yangu yote haikuwa na pa kwenda. Mama akazungumza akitazama mrehani. Alisema mnunuzi alikuja kutoka Dar kulitaka shamba, Abdullatif akakubali, Mbaruku akasema shamba la Baba haliuzwi. Ijumaa ile Abdullatif alikuja kumchukua Mama na pikapu, akamwambia Mbaruku kaanguka, kaumia, twende. "Nikamkuta amelala kati ya mihogo. Aliniambia kajikwaa. Mtu anajikwaa akafa kwa kisogo, na mpini wa jembe una nywele? Mimi ni mama, si mjinga."

"Na ukanyamaza!" Nilipiga kelele. "Ukamfukuza Mjomba! Ukaniacha nangoja, kila mlango ukigongwa nakimbia mimi!"

"Nilikuwa na wana wawili wa kiume." Sasa alilia, machozi yakimwangukia kwenye mrehani. "Mmoja yuko chini, wa pili amenipigia magoti ananishika miguu. Ningempeleka anyongwe, nikabaki na nani? Nikamwambia arudi nyumbani alete sanda yangu na maji. Sheria inasema mwanamume aoshwe na mwanamume. Lakini mwanamume aliyekuwepo pale ndiye aliyemuua. Sikumwachia amguse. Nilimwosha mwenyewe. Yeye nilimwachia kuchimba tu, chini ya mdimu, karibu na kisima. Kisha akaipeleka pikipiki Chalinze."

Uchungu wa mwana aujua mzazi, ndivyo tunavyosema, na tunasema kama kwamba ni kitu cha kusifia. Nilimtazama Mama nikaona nampenda, na nikaona siwezi kumsamehe, yote mawili kwa pamoja. Kila Ijumaa alikuwa anakwenda kumwekea mwanawe mrehani kaburini, anakaa kwenye pikapu ubavuni mwa aliyemweka pale.

Honi ikalia nje. Ilikuwa mapema, hata sala ya Ijumaa haijaadhiniwa.

Nilitoka chumbani nikakaa mahali pangu ukumbini, kwa sababu sikujua pa kukaa kwingine, nikashika kalamu. Mkono ukaanza wenyewe. Shamba, kisima, mdimu. Mama akanifuata, akasimama karibu na mlango wa chumba chake.

Abdullatif aliingia bila kubisha hodi. Simu ilikuwa mkononi, na niliona kwenye kioo ile picha yangu ya asubuhi. Alikuwa anatabasamu, lakini kwa mdomo tu.

"Shikamoo, kaka," nikasema. Desturi ni kitu cha ajabu, hutoka hata pale.

"Marahaba. Inuka, Jasmin. Leo nitakwenda Makurunge na wewe. Huchoki kukaa ndani? Ukalione shamba, upate mandhari za kuchora. Mama, wewe leo pumzika."

"Nina kazi, kaka."

"Kazi itakungoja." Akaona ninachochora. Alikitazama kisima, akautazama mdimu, na ule mdomo ukaacha kutabasamu. Alifunga mlango wa nje kwa mkono wa nyuma, akateremsha komeo. "Nipe hicho."

Nilikikumbatia kishikwambi kifuani. Niliogopa, sina haja ya kujivisha ushujaa. Nilimwona anavyokuja na nikaona mikono yake, mikono iliyonifundisha kuendesha baiskeli, na nikajua kilichomtokea Mbaruku hakikumchukua muda.

Mama akapita mbele yangu. Ni mwanamke mfupi, kichwa chake kinamfikia Abdullatif kifuani. Alikuwa ameshika ile sanda mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Abdullatif, mwanangu," akasema, sauti ileile ya chuo. "Sanda nimebakiwa na moja, na ni yangu mimi. Ukitaka kuchimba leo, utachimba la kwangu. Huyu sina cha kumvalisha."

Kaka yangu alisimama. Kwa dirisha watoto wa chuo, ambao Mama huwasomesha hata Ijumaa kabla ya sala, walikuwa wameanza kufika barazani, wanavua ndala zao, wanagombania mkeka. Mmoja akaita: "Mwalimu, tuanze?"

"Anzeni kwa Yasini," Mama akajibu bila kugeuka. "Kwa sauti."

Wakaanza. Sura hiyo ndiyo tunayowasomea marehemu, na tangu Mbaruku apotee haikuwahi kusomwa nyumbani kwetu. Abdullatif alipoisikia aliegemea mlango, funguo zikimlia mkononi.

Mama akaketi ubavuni mwangu. Akavaa miwani yake, akakishusha kishikwambi kutoka kifuani mwangu, akakitazama karibu sana.

"Mdimu umeukosea," akasema. "Uko upande wa kibla wa kisima, siyo huku. Futa."

Nikafuta. Nikauchora pale kidole chake kilipogusa, na chini yake nikachora mtu amelala ubavu wa kulia, amefunikwa vizuri. Mama akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Nikaandika Sudi, kama nilivyozoea, nikapeleka kidole kwenye kutuma.

Akanishika mkono.

"Na jina," Mama akasema. "Mwandikie lake."